Tathmini ya mtambo wa kusikiliza ganda la Titan: kengele iliyoahidi muda usiokuwepo

Kiti kimoja kwenye chombo cha kuzamia Titan, kwa safari ya kwenda kuyaona mabaki ya Titanic, kiliuzwa dola 250,000. Bei hiyo haikuja na cheti cha taasisi huru inayokagua vyombo vya kuzamia. Palipotakiwa kuwa na cheti, kampuni ya Marekani ya OceanGate iliweka mtambo: vihisi sauti na vipima mkazo vilivyofungwa kwenye ganda la nyuzi za kaboni, na kompyuta ya kumwonesha rubani kinachoendelea ndani ya ukuta huo wakati chombo kinateremka. Kwa maelezo ya kampuni, mtambo ungempa rubani onyo mapema, akabaki na muda wa kutosha kusitisha mteremko na kurudi juu salama. Tathmini hii inaipima ahadi hiyo ya muda, kwa sababu Juni 18, 2023 watu 5 walifia ndani ya chombo kilichofungwa mtambo huo, kilipopondwa na shinikizo la bahari.

Kwa kazi ya kutunza kumbukumbu za afya ya ganda, mtambo ule ulikuwa mzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Kwa kazi ya kuwaokoa watu ambao tayari wako chini, haukuwa na thamani yoyote, na usingekuwa nayo hata ungeundwa na mafundi hodari kuliko wote duniani. Ili kuona ni kwa nini, inabidi kwanza ujue maji yana haraka kiasi gani.

Milisekunde 5

Nafasi ya mwisho iliyonaswa na meli mama inaiweka Titan kwenye kina cha mita 3,346. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban shinikizo la angahewa 1, kwa hiyo ganda lilikuwa limebeba angahewa 335 hivi, sawa na megapaskali 34. Kwa kipimo cha mkono, kila sentimita moja ya mraba, eneo la ukucha mdogo, lilikaliwa na mzigo wa karibu kilo 345. Ndani mlikuwa na hewa ya kawaida, ile tunayovuta nchi kavu.

Ukuta ukishindwa kwenye kina hicho, maji hayaingii kama yanavyoingia kwenye mtumbwi uliotoboka, yakamwachia mtu nafasi ya kuziba na kuyachota. Ukuta mzima unaingia ndani pamoja na bahari iliyo nyuma yake. Mwendo wake wa wastani hupatikana kwa hesabu fupi: chukua shinikizo, ligawe kwa msongamano wa maji, ambao ni kilo 1,030 kwa mita ya ujazo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mita 180 hivi kwa sekunde. Mwanafizikia Mwingereza Rayleigh alichapisha mwaka 1917 kanuni ya povu tupu linalofungwa na maji pande zote: muda wa kufungwa ni 0.915 mara nusu kipenyo cha povu, ukigawa kwa mwendo huo.

Chumba cha Titan kilikuwa na kipenyo cha ndani cha mita 1.42 na urefu wa karibu mita 2.4, ukiacha vichwa vyake viwili vya titaniamu. Kigeuze kiwe tufe lenye ujazo uleule, nusu kipenyo kitakuwa mita 1.1 hivi, na kanuni ya Rayleigh itakupa milisekunde 5 na nusu (milisekunde 1 ni sehemu ya elfu moja ya sekunde). Ukitumia nusu kipenyo cha silinda peke yake, unapata 3 na nusu. Vipande vya ukuta vina uzito wa kusukumwa, na hewa iliyobanwa inarudisha msukumo mwishoni, kwa hiyo muda halisi unaweza kurefuka kidogo. Kusema kati ya milisekunde 4 na 20 ni makadirio ya haki.

Ile milisekunde 1 iliyosambaa sana kuwa ndio muda wa kupondeka, pamoja na mwendo wa kilomita 2,400 kwa saa, inapita kiasi. Hata mchirizi wa maji unaofyatuka kupitia tundu la sindano kwenye kina kile haupiti mita 260 kwa sekunde, ambazo ni kama kilomita 930 kwa saa. Mwendo hupanda pale tu maji ya pande zote yanapokaribia kukutana katikati, na hicho ni kipande kidogo cha safari yake. Vilevile na madai ya joto la kulingana na uso wa jua. Hewa ya nyuzi 20 ikibanwa ghafla kutoka angahewa 1 hadi 335, hesabu ya kawaida inatoa nyuzi 1,270 hivi za Selsiasi, na maji yakiupitiliza usawa wa shinikizo kwa kasi yake yanaweza kuipandisha zaidi kwa kitambo kidogo mno. Hilo linatisha vya kutosha bila kuliongezea.

Nguvu inayofunguliwa ni shinikizo mara ujazo. Kwa mita za ujazo 5 na kidogo, inakaribia megajuli 180, yaani kilo 40 na ushee za baruti ya TNT. Anayedhani kupondeka kwa kitu kitupu majini ni jambo la polepole kwa sababu halina baruti aangalie kilichotokea Japani mwaka 2001 kwenye maabara ya chini ya ardhi ya Super-Kamiokande. Bomba moja la kioo la kunasa mwanga lilipondeka ndani ya tangi la maji, wimbi lake likalipondaponda la jirani, la jirani likamaliza linalofuata, na ndani ya sekunde chache mabomba zaidi ya 6,500 yalikuwa yamekwisha. Tangi lile lilikuwa na kina cha mita 40 tu.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni rekodi. Kinasa sauti cha NOAA, taasisi ya Marekani ya bahari na angahewa, kilichokuwa kilomita 1,450 hivi kutoka pale, kiliudaka mlio wa Titan, na rekodi ilitolewa hadharani mwaka 2025. Ukiisikiliza utasikia ngurumo inayojivuta, na ni rahisi kudhani kwamba ndio muda ambao chombo kilichukua kuvunjika. Sauti hiyo ilisafiri baharini kwa karibu dakika 16, ikipitia njia nyingi kwa pamoja, nyingine zikigonga uso wa bahari na sakafu yake. Urefu wa ngurumo umetokana na njia hizo. Tukio lenyewe lilikuwa fupi kuliko kishindo cha kiganja mezani.

Mwili wa mtu una saa yake

Kiswahili kina kipimo chake cha haraka, kufumba na kufumbua. Kwa saa ya maabara, kope hushuka na kupanda kwa milisekunde 100 hadi 300, pengine zaidi. Ndani ya kufumba na kufumbua kwa haraka kabisa, Titan ingeweza kupondeka mara 20, moja baada ya nyingine. Au chukua kamera ya simu inayopiga picha 30 kwa sekunde. Kati ya picha moja na inayofuata kuna milisekunde 33. Picha moja ingeonesha chumba kizima, na picha ya pili haingekuwepo.

Tufuate njia ya sauti, maana sikio ndilo lenye kasi kuliko jicho na ngozi. Mlio ukitokea ukutani, nusu mita na kitu kutoka kichwani, unahitaji milisekunde 2 kuvuka hewa. Sikio la ndani na neva zake huchukua nyingine 5 au 6 kuufikisha mpigo kwenye shina la ubongo. Hapo tayari tumeumaliza muda wote wa hesabu ya Rayleigh, na hakuna aliyesikia kitu, kwa sababu kusikia kwa maana ya kujua hakujaanza. Kufika kwenye gamba la ubongo ni zaidi ya milisekunde 10. Kushtuka, kule kufumba macho kusikokusudiwa, huanza kwenye 30 hadi 40. Mtu aliyekaa tayari, kidole juu ya kitufe, akingoja mlio anaoujua, hubonyeza baada ya 150 hivi. Akingoja mwanga badala ya sauti, karibu 200. Kutambua kwamba kuna jambo, na ni jambo gani, huangukia kwenye mamia ya milisekunde.

Maumivu yako nyuma zaidi. Neva zinazobeba maumivu makali ya mwanzo hupitisha ishara kwa mita 5 hadi 30 kwa sekunde. Zile za maumivu ya kuungua na kuvuta huenda mita 2 kwa sekunde au pungufu. Kutoka kiganjani hadi ubongoni ni kama mita 1. Ishara ya haraka ingehitaji milisekunde 33 na ile ya polepole nusu sekunde au zaidi. Waliofiwa kwa ajali za namna hii huuliza swali moja, na wanastahili jibu lisilo na mzunguko: kupondeka kwenyewe hakuhisiwi. Mwili hauna neva yenye kasi ya kulifikisha tukio hilo kwenye fahamu.

Kwa nyambizi kubwa za kivita hesabu hubadilika, ila jibu hubaki lilelile. Thresher ya Jeshi la Majini la Marekani ilipozama Aprili 10, 1963 ikiwa na watu 129, inakadiriwa ilipondeka kwenye mita 730 hivi. Kina kidogo maana yake shinikizo dogo na mwendo mdogo, mita 85 hivi kwa sekunde, na ganda pana lina masafa marefu zaidi ya kwenda. Kanuni ileile ya Rayleigh inatoa milisekunde 50 na kitu. Hata ukiuongeza muda huo mara mbili, bado uko chini ya kiwango cha mtu kutambua jambo.

Jibu hili lina mpaka wake, na hapo ndipo tathmini ya mtambo inapoanza. Linahusu zile milisekunde za mwisho peke yake. Halisemi lolote kuhusu dakika, siku au miezi iliyotangulia. Nyuzi za kaboni zinapoelemewa hutoa milio, na watu wanaisikia. Mazungumzo ya mwisho yaliyosambazwa mtandaoni yakidai kuonesha abiria wakihangaika na kengele yalikuwa ya kubuni. Mkuu wa uchunguzi wa Walinzi wa Pwani wa Marekani alilisema hilo wazi. Ujumbe halisi wa mwisho, wa saa 4:47 asubuhi, ulisema kwa ufupi kwamba wameangusha vyuma 2 vya uzito, hatua ya kawaida ya kupunguza kasi chombo kinapokaribia sakafu ya bahari.

Kengele ikilia, kisha nini?

Tuupe mtambo kila aina ya nafasi nzuri. Tuseme kihisi kimeudaka ufa wa mwisho papo hapo na kompyuta imeuelewa bila kukosea. Skrini ya kawaida huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16.7. Kwa ganda linalofungwa kwa milisekunde 5, neno la hatari lingeweza kukosa hata zamu ya kuandikwa kwenye kioo. Baada ya skrini kuna jicho, ubongo, mkono na kitufe, na kila kimoja kina muda wake tulioutaja.

Halafu muondoe rubani kabisa. Weka kompyuta inayoangusha uzito yenyewe bila kumngoja mtu. Hilo nalo halimwokoi yeyote, na sababu yake ndiyo ambayo watangazaji wa mtambo waliiruka: chombo hupanda polepole. Titan ilishuka mita 3,346 kwa saa moja na nusu hivi, wastani wa mita 30 hadi 40 kwa dakika, na kupanda kwa kutegemea wepesi wa chombo hakupishani sana na hapo. Ili kupunguza mzigo wa ganda kwa asilimia 10 tu, inabidi upande mita 335. Hizo ni kama dakika 9. Kwa hiyo kengele ya maana kwenye kina kile ingelazimika kulia dakika nyingi kabla, tena iwe na uhakika kwamba ganda litahimili dakika hizo zote huku likiendelea kuchanika.

Kasoro hii haikuhitaji ajali ili ijulikane. Mwaka 2018 aliyekuwa mkuu wa shughuli za majini wa kampuni hiyo aliandika kwamba usikilizaji wa namna hii huonesha tu kwamba kitu kinakaribia kuvunjika, mara nyingi milisekunde chache kabla. Mwaka huohuo wataalamu zaidi ya 30 wa vyombo vya kuzamia waliweka majina yao kwenye barua ya kuonya kuhusu njia iliyochukuliwa. Onyo lao lilitangulia ajali kwa miaka 5.

Kilichofanya kazi

Sasa upande wa pili, na huu ndio unaoumiza. Mtambo ulisema, na ulisema mapema.

Ganda la kwanza la Titan lilitoa milio mikubwa kwenye mbizi ya majaribio Bahamas mwezi Aprili 2019, kiasi cha mtaalamu mmoja aliyekuwemo kuandika kuwaonya. Baadaye lilikutwa na ufa, likaondolewa. Ganda la pili lilijengwa kwa matabaka 5, kila moja karibu milimita 25, likiokwa na kukauka kabla ya linalofuata kuwekwa juu yake, hadi unene wa milimita 127. Mikunjo ilipojitokeza juu ya tabaka ilisagwa, kisha gundi na tabaka jipya vikafuata. Fundi yeyote wa nyuzi anajua maana ya kusaga mkunjo: umekata nyuzi zilezile zilizotakiwa kubeba mzigo, na umeacha mahali ambapo matabaka mawili yameshikana kwa gundi peke yake. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilipovichunguza vipande ilikuta mikunjo, vinyweleo vya hewa na mapengo, na ukuta uliokuwa umeachana kwa matabaka.

Julai 15, 2022, mbizi ya 80, chombo kikirudi juu kutoka Titanic, ukasikika mlio mkubwa. Maelezo yaliyotolewa na kampuni yalikuwa kwamba ganda limejiweka sawa kwenye fremu yake. Vipima mkazo vilieleza jambo jingine. Kwenye mbizi zilizofuata, mistari yake ilibadilika: kwa kina kilekile, sehemu za ukuta hazikujikunja tena kama zilivyojikunja awali. NTSB ilihitimisha kwamba hapo ndipo matabaka yalipoanza kuachana, na kwamba kampuni iliichambua vibaya data iliyokuwa nayo mkononi. Mbizi ya ajali ilikuwa ya 88. Katikati, chombo kilikaa majira ya baridi nje, St. John's, Kanada, kwenye mvua na barafu, na maji yaliyoingia kwenye nafasi ndogo kati ya matabaka yakiganda hutanuka.

Kwa nini tabaka kuachana ni jambo zito hivyo, ilhali unene wa jumla haujapungua hata milimita moja? Ugumu wa ukuta dhidi ya kukunjika hufuata unene uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe mara tatu (unene × unene × unene). Ukuta wa milimita 127 ukigawanyika katikati kuwa kuta mbili zisizoshikana, kila nusu ina ugumu wa sehemu 1 ya 8, na zote mbili pamoja zinakupa robo ya ule wa mwanzo. Yakiachana matabaka yote 5, inabaki sehemu 1 ya 25. Chukua daftari nene lililogandishwa kwa gundi na lingine lenye kurasa huru, uyakunje yote mawili. Mkono wako utakujibu. Kuachana kwenye Titan hakukulienea ganda zima mara moja, na ndiyo sababu kilihimili mbizi kadhaa zaidi. Lakini kila safari ya kushuka na kupanda huipanua ile nafasi.

Kuna kanuni ya kazi inayojulikana kwa jina la Kaiser, na anayenunua mtambo wa aina hii aijue kabla ya kulipa. Nyuzi zilizobebeshwa mzigo mara ya kwanza hupiga kelele, maana zile dhaifu zinakatika. Ukizibebesha tena, zinapaswa kunyamaza mpaka uupite mzigo mkubwa kuliko wote ziliowahi kubeba. Ganda lililofika mita 3,800 jana halina sababu ya kulia leo kwenye mita 2,000. Likilia hapo, uharibifu unaendelea. Uwiano wa mzigo ambao kelele zimeanzia leo kwa mzigo mkubwa wa zamani unatakiwa kukaribia 1. Ukishuka mbizi baada ya mbizi, ganda halirudi tena majini, hata kama kelele zenyewe ni ndogo.

Ili kipimo hicho kiwe na maana, unahitaji vielelezo vya kulinganishia: maganda kadhaa ya ukubwa kamili, ya muundo uleule, yaliyobebeshwa kwenye tangi la shinikizo mpaka yakavunjika huku vihisi vikirekodi. Hapo ndipo namba ya kikomo inapotoka. Bila hayo, rubani anaangalia mistari isiyo na alama ya pa kusimama, na mtu mwenye hamu ya kushuka atauona mstari wowote kuwa mzuri. Baada ya kila mbizi unahitaji pia kupima ukuta kwa mawimbi ya ultrasauti, kutafuta matabaka yaliyoachana, na mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana ambaye mshahara wake hautegemei safari inayofuata.

Ukilinganisha na vingine

Vyombo vilivyothibitishwa kwa kina hiki havikutegemea kengele. Alvin, ya Marekani, inayofanya kazi tangu 1964 na sasa imeruhusiwa hadi mita 6,500, ina tufe la titaniamu. Limiting Factor iliyotengenezwa na Triton, yenye tufe la titaniamu la milimita 90 na nafasi ya watu 2, ilipata cheti cha DNV GL, taasisi huru ya kukagua vyombo, mwaka 2019 kwa kwenda na kurudi mara nyingi kwenye kina kikubwa kuliko vyote. Umbo peke yake ni nusu ya ushindi: kwa unene na kipenyo kilekile, ukuta wa tufe hubeba nusu ya mkazo wa ukuta wa silinda. Metali nayo hujikunja kidogo kabla ya kushindwa, na tabia yake baada ya maelfu ya mizunguko imeandikwa kwa miaka mingi. Ubaya wa tufe ni kwamba ni zito na dogo. Watu 5 hawaenei, na hapo ndipo biashara ya kiti cha dola 250,000 iliposukuma kwenye silinda.

Januari 23, 1960, bathiskafu Trieste, chombo cha kuzamia kwenye kina kikubwa, ikiwa imepita mita 9,000, mlio ulikitikisa chombo kizima. Kioo cha dirisha la njia ya kuingilia kilikuwa kimepata ufa. Jacques Piccard na Don Walsh, waliokuwa ndani, walisikia, walikagua vipimo vyao, wakaendelea hadi chini, na wakarudi. Walipata muda wa kufikiri kwa sababu kilichopasuka hakikuwa tufe la chuma walilokaa ndani yake, lenye ukuta wa sentimita 12.7. Onyo lina faida pale tu kitu kinachoonya si kilekile kinachokuweka hai.

Kwa anayefikiria kununua kiti kwenye chombo chochote cha kwenda chini ya mita 1,000, maswali ya kuuliza ni machache na majibu yake yawe kwenye karatasi. Nani, asiye mwajiriwa wao, amethibitisha ganda hili, kwa kina gani na kwa mizunguko mingapi? Dirisha limethibitishwa kwa kina kilekile cha ganda? Maganda mangapi ya aina hii yamevunjwa kwa makusudi kwenye tangi, na yalivunjika kwenye mzigo gani? Mbizi ya mwisho kufutwa kwa sababu ya usomaji wa vipimo ilikuwa lini? Chombo ambacho hakijawahi kukatazwa na vipimo vyake chenyewe kina vipimo visivyosikilizwa. Ukiambiwa kuna mtambo wa kutoa onyo, uliza onyo linatangulia kwa muda gani, kisha uliza dakika ngapi zinahitajika kupanda mita 300. Jibu la kwanza likiwa dogo kuliko la pili, okoa fedha zako.

Ipo video ya meza ya mawasiliano ndani ya Polar Prince, meli mama, asubuhi ile. Unasikika mlio kama wa mlango uliobamizwa, na aliyekaa mbele ya kompyuta anageuka kuuliza ni kitu gani. Sauti ilikuwa imepanda mita 3,346 kwa mwendo wa mita 1,500 kwa sekunde. Ilitumia sekunde 2 na ushee. Sekunde chache baadaye ujumbe unatokea kwenye skrini kwamba vyuma 2 vya uzito vimeangushwa. Ulitumwa kabla ya mlio, ukacheleweshwa na mtambo wa mawasiliano, ukafika nyuma yake. Waliousoma wakaamini chombo kiko salama, wakaendelea na kazi.